Picha ya Mama Iangaliwe Mchana

Kakuma Mjini,
Turkana.
9 Novemba 2013.

Mpendwa dada yangu Namuria,

Ejok, dada. Natumaini barua hii inakukuta hapo Kilifi ukiwa mzima, wewe na shemeji na huyo mgeni wenu mdogo. Ameshatimiza miezi mitatu, sivyo? Analala usiku, au bado anawakesha? Na joto la pwani umelizoea, au bado unalisema vibaya kana kwamba ulizaliwa kwenye baridi?

Sisi huku tu wazima. Mbuzi wapo. Mvua ilionyesha dalili siku mbili, kisha ikaghairi. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Tangu tumzike Mama mwezi wa nane sijalia hata mara moja. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Watu wananipa pole nami nawajibu vizuri tu.

Barua yako niliipata. Uliniomba mambo mawili: picha ya Mama, na nikueleze alivyougua, kwa kuwa wiki ile ulikuwa umejifungua na hukuweza kusafiri. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hilo la pili.

Picha hakuna. Aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, na kitambulisho tulikirudisha kwa chifu tulipoandikisha kifo. Hakuna aliyekumbuka kutoa kopi kwanza. Ukasema kama haipo, basi nimchore, si mimi ndiye mchoraji. Nimejaribu, dada. Mkono huu umechora kuku wa hoteli, kinyozi na wateja wake, hata simba wa duka la Wasomali aliyetoka na sura ya mbwa. Lakini nikianza uso wa Mama naishia kwenye shanga. Shingo yote naipata, kidevu kinanikataa. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe nilijaribu kucheka.

Mwaka huu nilipata kazi ya kuchora ukuta wa kanisa, nyuma ya altare: Yesu juu ya mlima, uso wake unang'aa, wanafunzi watatu wameanguka kifudifudi. Padri alikuwa anapita kila jioni na neno lake lilikuwa moja, "Lokorio, mwanga bado." Nilimaliza makopo manne ya njano na nyeupe kabla ya kuelewa kwamba mwanga hauchorwi. Unachora giza pembeni, nao unajitokeza wenyewe. Nilijivuna sana kwa kugundua hilo. Ukumbuke ukuta huo, maana una sehemu yake katika ugonjwa wa Mama.

Jumapili iliyopita jua lilipatwa. Nadhani mlisikia redioni. Wageni wengi walikuwa wamekuja Turkana kuliangalia. Sisi tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa jioni, wanaosali na wasiosali. Wazee walisema Akuj anafunika uso, katekista akasema ni Mungu yuleyule, wakaachana hapo bila ugomvi. Watu walikuwa wanatafuta kitu cha kuwakinga macho, na mmoja akasema filamu nyeusi ya eksrei inafaa. Nikakumbuka ile ya kifua cha Mama, iliyokuwa juu ya kabati. Nikaenda kuileta. Wala sikusita, na hilo lenyewe linanishangaza.

Aguer alikuwepo. Huyu ni jirani yetu kanisani, mtu wa Bor kule Sudan Kusini, anafanya kazi kwenye kliniki moja ya kambi ya wakimbizi. Alisema filamu haitoshi kukinga macho na tusiitumie kuangalia jua. Aliichukua mikononi mwangu, akaligeuzia jua mgongo, akaiinua kuelekea ukuta mweupe wa kanisa. Akapitisha kidole juu yake.

"Lokorio, hii kifua ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Na hii kitu nyeupe yote hapa juu?"

"Shanga zake."

"Shanga imefunika mapafu hapa juu. TB inapenda sana kukaa hapo. Nani alikubali apigwe picha na shanga?"

Mwanga ulikuwa umeanza kugeuka, vivuli vyetu vimekuwa vyembamba na vikali, na mbuzi wa watu wa kijiji cha Lopur walikuwa wanarudi wenyewe bila kuitwa. Wenzangu wote walikuwa wanaangalia huko juu. Mimi nilikuwa naangalia shingo ya Mama, mstari juu ya mstari, nyeupe kabisa.

Sasa nikuambie, dada. Nilimpeleka Lodwar mwezi wa nne, kikohozi kilipomzidi. Yule kijana wa eksrei alikuwa mtu wa bara, hajui Kiturkana. Aliniambia, "Mwambie mama atoe shanga, zitafunika." Mama alikuwa amesimama pale akinitazama, anangoja nimtafsirie. Nikajibu mwenyewe. Nikasema haziwezi kutoka, ni mila yetu, piga hivyo hivyo. Kijana akaniuliza mara ya pili, nikakaza.

Unakumbuka Baba alipofariki, wanawake walivyomvua Mama shanga zote na kumnyoa? Wewe ulikuwa umeshakuwa msichana. Mimi nilikuwa mdogo, nilikataa kula mikononi mwake siku mbili kwa sababu ile shingo tupu haikuwa ya mama yangu. Hiyo ndiyo mila niliyokuwa naitetea pale Lodwar. Nilidhani zitafunika shingo tu, na Mama hakuwa mgonjwa wa shingo.

Tulipotoka akaniuliza, "Yule alikuwa anataka nini?" Nikamwambia, "Alikuwa anauliza jina lako." Akaridhika.

Daktari hakuona kitu cha kumtisha. Alitupa dawa, akasema kikohozi kikiendelea turudi apigwe nyingine. Kiliendelea. Mimi nilikuwa na ukuta wa kanisa, na padri alitaka mwanga uwe tayari kabla ya askofu kuja. Mama akasema maliza kwanza kazi ya Mungu. Nikamaliza. Mwezi wa saba alianza kukohoa damu, na ulipoingia mwezi wa nane hakuwa na nguvu ya kupanda gari.

Aguer anasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni TB. Ni mtu mwema, alikuja nyumbani siku ya pili kunirudia hayo hayo. Lakini Mama hakuulizwa, dada. Labda angezivua. Hilo ndilo ninalokaa nalo.

Filamu naituma pamoja na barua hii, nimeikunja kidogo tu. Hakuna picha nyingine. Iangalie mchana, dirishani, usiilekeze kwenye jua. Utaziona mbavu zake, na moyo wake, na zile shanga. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, uniandikie kwa maneno makali kabisa. Nitafurahi kuhisi kitu. Ukishindwa kuniandikia pia nitaelewa.

Katekista anakusalimu, na Ereng wa dukani, ambaye hachoki kuuliza lini utakuja. Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto. Akuj awatemee mate ya baraka, maji yasiwapungukie, na mwanao aijue nyumba hii siku moja.

Mama mdogo Nabei anakusalimu kuliko wote. Shanga anazo yeye, amekuwekea wewe. Ndiye aliyemvua Mama siku ya kumzika, kwa kuwa wewe binti yake hukuwepo. Alimpaka mafuta shingoni, akazitoa moja baada ya nyingine, nami nimesimama mlangoni naangalia. Zilitoka zote, dada. Chai iliyokuwa jikoni ilikuwa hata haijachemka.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukininyima jibu,
Lokorio.