Uso wa Mama kwa Kiholanzi

Mdogo wangu Zaitun,

Jambo hili sijamwambia mtu: uso wa marehemu mama siukumbuki. Huku Awindiri tu wazima, na bibi anakusalimu.

Umeniuliza mama alifananaje. Tangu nimalize shule, muuguzi Mholanzi wa zahanati ananifundisha lugha yake. Juzi aliniambia nimweleze mama kwa Kiholanzi. Nikaeleza kama tunavyoeleza watu kwetu: binti wa nani, mke wa nani, wageni aliwapokeaje.

Akacheka. “Binti, bado simwoni! Macho je? Pua je?”

Kwa kuona haya, nikaeleza uso wa shangazi. Akasema sasa anamwona vizuri.

Mimi nakumbuka mikono ya mama tu, ikinisuka nywele, nami nimempa mgongo.

Bibi anaamini namkumbuka mwanawe. Tafadhali, usimwambie.

Dada yako, Hawa