Bei ya Spika ya Pili

Jumamosi, jioni. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kizingitini. Nimekaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto. Mama yuko chumbani kwake, amefunga mlango, na hatujasemezana tangu saa kumi.

Nina hasira naye. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi kuyatoa. Mama ni mama.

Kisa ni spika za baba. Baba alikuwa na hoteli ya chai hapa Bulyaga, na watu waliijua kwa muziki kuliko kwa maandazi. Spika mbili za mbao, kila moja inanifika kiunoni, alizinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa aliyekuwa akihama mara tu baada ya Uhuru. Moja ilikaa mlangoni, nyingine karibu na kaunta. Mtu aliagiza kikombe kimoja cha chai akakaa nacho mpaka santuri zote ziishe. Baba hakumfukuza mtu. Mama ndiye aliyekuwa akiwafukuza.

Baba alipofariki mwaka jana, wazee walikaa kugawa mali. Mama ni mke mkubwa, alitoka naye Tanga. Mama mdogo ni Mnyakyusa wa Igogwe, Mkristo, baba alimwoa nikiwa darasa la pili. Hakujaliwa mtoto. Nyumba, hoteli na vyombo vyote vikaja kwetu. Mama mdogo ana shamba lake la migomba alilopewa na baba yake mzazi, kwa hiyo wazee wakasema anajitosheleza, ila asitoke mikono mitupu, apewe spika moja. Nyumba kubwa moja, nyumba ndogo moja, asiwepo wa kunung'unika.

Wakaona wametenda haki. Walikuwa wanatafuta amani, na hakuna aliyejiuliza spika moja inafaa nini. Kule kwa mama mdogo hata nguzo ya umeme hakuna.

Tangu hapo hoteli imekufa. Sukari haionekani. Unga wa ngano ukifika mjini unaishia kwa wenye jamaa zao. Balozi wetu wa nyumba kumi amekwisha kumwambia mama kwamba wakati wa mtu mmoja kujitajirisha umepita, na mama akamwuliza ni nani aliyetajirika hapa, aonyeshwe amsalimie. Balozi akacheka, lakini leseni ya hoteli haikupatikana.

Mimi nimejifunza kushona kwa Mzee Kombo, fundi wa pale sokoni. Mikono yangu si mibaya. Lakini nashona kwa cherehani yake, kwa saa zake, na akiamka na kisirani sishoni kabisa. Nikiwa na cherehani yangu mwenyewe, sare za shule tu zinatosha kutulisha mimi na mama. Hilo ndilo ninalolitaka. Sina ndoto nyingine mwaka huu, wala sitaki kuongezewa.

Basi jana akaja mnunuzi. Ni Bwana Mwakibete, ana ukumbi wa dansi Mbeya, amekuja kusalimia ndugu zake huku na Jumatatu asubuhi anarudi. Habari za spika alizipata kwa dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai kwetu zamani.

Nilidhani angetazama, ataje bei, tubishane. Hakufanya hivyo. Alichuchumaa mbele ya spika, akaigonga mbao taratibu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Akafungua kitambaa cha mbele, akaibonyeza ile karatasi ya ndani kwa ncha za vidole, akainusa. Akageuza akasoma namba za nyuma. Kisha akaniomba niweke santuri yoyote.

Nikaweka dansi moja ambayo baba aliipenda, ile yenye magitaa mawili yanayojibizana. Gitaa moja likapiga, likanyamaza kumngoja mwenzake, na mwenzake, wa spika ya pili, hakujibu. Likapiga tena, likangoja tena. Mimi nilikuwa nimezoea, mwaka mzima tumesikiliza hivyo hivyo. Bwana Mwakibete akatikisa kichwa.

"Dada, hii ni nusu," akasema. "Hii peke yake nikikulipa, nitakuwa nakulipa mbao. Nyingine iko wapi?"

Mama akamwambia iko Igogwe. Hapo ndipo Bwana Mwakibete akataja bei ya zote mbili zikiwa pamoja na zikiwa nzima. Mama alikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu kichwani: nusu yetu tu ingetupa cherehani, na kitambaa cha kuanzia kingebaki.

Alipoondoka mama akaniambia niende mimi nikaongee na mama mdogo, tutagawana sawa kwa sawa. Yeye miguu inamuuma. Miguu hiyo hiyo asubuhi ilikuwa imepanda na kushuka soko zima ikitafuta mafuta ya taa.

Leo asubuhi nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda kupakia ndizi, nikafika Igogwe nimelowa. Mama mdogo alinipokea uani. "Kalibu mwanangu, ndaga, ingia," akanishukuru kwa kuja, akanivua kanga yangu akaitundika karibu na moto, akanipa yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniwekea ndizi na maharage, akakaa kunitazama nikila, kama vile nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kula tu.

Spika ilikuwa sebuleni. Ameiinua juu ya matofali isipate unyevu na kuifunika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Nilipokifunua niliona aibu. Haina hata mkwaruzo. Ya kwetu inanuka mafuta ya maandazi, na kuna mahali mteja aliwahi kuzimia sigara.

Nilimweleza yote, mnunuzi, bei, Jumatatu, sawa kwa sawa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, hata nilikuwa na maneno yangu ya kumsukuma kidogo akitaka zaidi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba pesa hataki hata senti. Spika atatoa. Ila mama aje mwenyewe kuichukua.

"Aje tukae naye siku moja," akasema. "Yeye alilia kwake, mimi nililia kwangu, na mume alikuwa mmoja. Aje tumlie pamoja. Akimaliza, aibebe aende."

Nilijua anachozungumzia.

Ilikuwa hivi. Baba alipofariki, mama alikaa eda kwenye chumba chetu cha mbele pamoja na wanawake wa pwani na wa msikitini. Mama mdogo alipofika na wenzake wa kanisani, mama akatuma neno kwamba ndani pamejaa. Hapakuwa pamejaa. Walisimama uani kwenye mvua, wamejifunika majani ya migomba, mpaka maiti ilipotolewa, halafu wakarudi kwao kwa miguu. Wanyakyusa wana mambo yao kwenye msiba. Mtu akifiwa watu wanahamia kwake, wanalala chini kwenye majani makavu, wanapika, wanalia, hata wanacheka, na asiyefika hasahauliki. Kwa mama mdogo walifika watu wa upande wake tu. Wa upande wa mume hakufika hata mmoja, na mimi pia sikufika.

Mama mdogo neno lake hakulisema kwa kunishutumu. Alilisema huku anamenya ndizi za jioni. Aliponisindikiza barabarani alinifungia mkungu mdogo kwa kamba, akasema msalimie mama yako.

Nilifika hapa saa tisa na kitu. Mama alikuwa anachambua mchele, kiasi kile cha mwisho. Nikamweleza neno kwa neno, bila kupunguza wala kutia chumvi. Akaendelea kuchambua. Nikadhani ataniambia huyo mwanamke ana wazimu, maana ndivyo anavyomsema siku zote. Badala yake akaniuliza, "Amekonda?"

Nikamwambia ndiyo, amekonda.

Akaweka ungo chini. Akaingia hotelini, nikamsikia anaisogeza spika, nikamfuata. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu, kila pembe, hata pale penye alama ya sigara alisugua kana kwamba itatoka. Kisha akatoa shuka lake jipya kwenye sanduku, akaifunga kama anayefunga mtoto mgonjwa. Moyo wangu ulijaa furaha, nikijua kesho anakwenda.

"Kesho umpelekee na hii," akasema. "Zikae zote kwake. Auze yeye."

Nikauliza, na cherehani? Akasema Mungu atatoa. Nikamwambia Mungu ameshatoa, mama, anatoka Mbeya na Jumatatu anaondoka. Nilipandisha sauti, sikatai. Nikamwuliza kwa nini asiende tu. Siku moja. Kukaa kwenye kigoda na kulia, kitu ambacho hapa anakifanya kila Ijumaa akidhani simwoni.

Akakaza fundo la shuka. "Sikumfungia mlango ili mimi niende kulia mapajani mwake," akasema. Akaingia chumbani.

Ndipo tulipofika.

Nimejaribu kumwelewa tangu saa hiyo na sielewi mpaka mwisho. Kutoa kitu chako cha thamani ukampa mke mwenzio uliyemfungia mlango, hiyo ni toba au ni kiburi? Labda mwenyewe hajui. Labda anadhani akimpa vyote, deni la msiba litakuwa limelipwa na hatalazimika kumtazama usoni. Ninamjua mama. Angeweza kuuza nyumba hii tofali moja moja kuliko kusema neno moja, nisamehe.

Lakini anayelipa ni mimi. Aibu ni yake, cherehani ni yangu. Kesho nitasimama sebuleni kwa mama mdogo na spika zote mbili, na hapo mwenye mali na mwenye bei atakuwa yeye peke yake. Sitakuwa na haki ya kumwomba hata uzi. Pengine ataziuza na kutupa nusu, ana roho hiyo. Pengine ataliona lile shuka jipya na kuelewa mara moja kwamba amekimbiwa tena, mara hii kwa zawadi. Naogopa hilo kuliko kukosa pesa. Naogopa uso wake atakapofungua.

Na ataniuliza mama yako amesemaje. Nitamjibu nini? Nikisema ameifuta kwa mikono yake mwenyewe, ni kweli. Nikisema amekataa kuja, ni kweli pia. Baba angejua la kusema. Baba alikuwa anakwenda huku na huku kati ya nyumba hizi mbili na kila upande alifika na habari njema za upande wa pili, nyingine sasa nafikiri alizitunga njiani.

Mimi sina kipaji hicho. Na nimechoka kuwa mpeleka salamu.

Nimekaa hapa mpaka moto umebaki makaa, na kitu kimoja tu kinanijia kila nikilifikiria. Mama mdogo alitaka mtu wa nyumba kubwa aende kukaa naye kwenye msiba wake. Mimi ni wa nyumba kubwa. Baba yangu nilimlia nikiwa napika chai ya waombolezaji, na mpaka leo sijakaa chini nikamlia hasa. Sijui kama atanikubali badala ya yule anayemtaka. Huenda asinikubali. Lakini kwenda nitakwenda, na nitalala.

Nimeshatia kanga mbili na sabuni kwenye kikapu. Dereva wa ndizi nitamwomba asubuhi. Mama ataniuliza narudi lini, maana tangu baba afariki hajawahi kulala peke yake kwenye nyumba hii, anaogopa kimya chake.

Nitamwambia spika nampelekea mama mdogo, kama alivyoniagiza. Mimi mwenyewe sirudi. Akinitaka, aje Igogwe anichukue.