Wali Uliopoa

Kipawa, Dar es Salaam
Jumatano

Dada Kokushubila,

Shikamoo. Natumaini homa ya Mama imeshuka na wanao wamerudi shule. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sipati. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu naiogopa. Gladness anayekuletea barua hii ni rafiki yangu, lakini hajui kilichomo.

Utakuwa umesikia kwamba kaka Ansbert aligombana na Anwar, mwongozaji wa ile filamu ya majasusi. Filamu ilipotoka, bango lilisema imeandikwa na Anwar. Kaka akadai hadithi ni yake. Anwar akamcheka mbele za watu, akamwambia braza, wewe fundi friji, ujasusi umeujulia wapi, kwenye barafu? Mwishowe wakafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa ameitazama filamu, na kama watu wote alipenda pale nyaraka za siri zinapopitishwa getini ndani ya hotipoti, juu zimefunikwa wali. Akawauliza kwa nini yule jasusi anasubiri wali upoe kwanza. Anwar akasema ni kumtia mtazamaji hamu. Kaka akasema wali wa moto hutoa mvuke, na mvuke hulowesha karatasi hata ukizifunga kwenye nailoni. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa shahidi wake. Nilisema nilimwona akiandika kila ukurasa. Anwar akatia saini kwamba jina litabadilishwa, na likabadilishwa.

Siku tisa baadaye wanaume wawili wakamfuata kibandani kwake. Mkewe, Asifiwe, anasema habari za filamu hawakuuliza. Waliuliza kuhusu wali. Leo ni siku ya kumi na mbili hajarudi, na kila tunapouliza tunaambiwa tusubiri. Ametuma neno moja tu: kwamba aliyebuni ni yeye, peke yake.

Dada, sijawahi kukueleza kazi yangu ya masijala ni ipi hasa. Kuna mafaili yasiyoandikwa kwenye kitabu chochote. Mimi ndiye ninayeyapitisha getini, kana kwamba ni chakula changu cha mchana, na wali huo naupika mwenyewe na kuupoza kwa feni hapa chumbani. Hadithi yote niliiandika mimi. Kazini niliapa, nisingeweza kuweka jina langu, ndiyo maana nikampa Kaka aipeleke kwa Anwar kwa jina lake. Hilo jibu la mvuke alilipata kwangu.

Nikisema, atatoka yeye, nitaingia mimi. Kila asubuhi navaa nikiwa na nia ya kwenda kusema, kisha najikuta nimeketi kazini, napanga majalada.

Krismasi niliacha kwako daftari la kijani, chini ya godoro la wageni. Hadithi yote imo, kwa mwandiko wangu. Hakuna kitu kingine kinachoonyesha kwamba si Kaka. Lichome, Dada. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini nimeliandika.

Nisalimie wote hapo Muleba. Mama akiuliza habari za Ansbert, mwambie alishinda, na jina lake sasa limeandikwa kubwa kuliko la Anwar.

Mdogo wako,
Benedicta