Funga Taa za Nyuma

Jumamosi, baada ya chakula cha jioni. Mawingu yametanda tangu mchana, upepo unatoka upande wa ziwani, na kijiji chetu chote cha Itiryo kinanuka udongo mbichi ingawa tone bado halijaanguka. Mgongo unauma. Mikono ina grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Nimefurahi kama mtu aliyeoa juzi.

Nianze na shamba, maana mambo yote ya wiki hii yametokana nalo.

Ni shamba la mke wangu, Mama Gati, lililoko nyuma ya nyumba yetu. Kila msimu trekta letu hulima kwanza mashamba ya watu wa mbali, kwa sababu mvua ikikolea njia za kule hazipitiki. La kwetu husubiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri utaratibu huo, zamani mvua zilipokuwa na adabu. Mwaka huu hazina. Mbegu ya mahindi imekaa ndani, majirani wanaopanda mapema wameshapanda, na mchana wote wa trekta umeshaahidiwa watu. Udongo wetu ni mzito. Ukinywa maji mengi kabla ya kulimwa, plau inageuza tope na msimu umekwisha. Zimebaki saa za jioni tu.

Na jioni ndiyo iliyotuponza.

Jumatatu giza likiwa linaingia, Marwa, dereva wetu, alikuwa analima shamba hilo kwa taa mbili za mbele ambazo mwanga wake una rangi ya chai ya maziwa. Nyuma, kwenye plau, hakukuwa na taa kabisa. Alipogeuza mwishoni mwa shamba akavuka mstari wa katani ulio mpaka wetu na Mzee Wambura, akapindua matuta ya viazi vitamu vya watu. Huku kwetu mpaka si jambo la mzaha. Ukoo unaweza kununiana na ukoo kwa sababu ya katani tatu.

Mzee Wambura hakupiga kelele. Asubuhi yake alikuja na mche mmoja wa katani uliong'oka, akauweka mlangoni kwangu kama mtu anayerudisha kiatu kilichopotea.

"Mwalimu," akasema, "trekta lako halijui mpaka. Basi hadi lipate macho ya nyuma, jioni lisinikaribie."

Tukapanda upya zile katani pamoja, watu wa nyumba zote mbili wakiona, kama inavyotakiwa. Mama Gati aliinua uso akatazama mawingu, kisha akanitazama mimi.

Nilielewa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na nakiri hapa bila aibu kwamba nilifurahi kidogo. Miaka mingi nimefundisha umeme kwa kuchora betri na balbu ubaoni. Sasa nimepewa swali lenye magurudumu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu na mna trekta kuukuu, nivumilieni kidogo. Wasio na trekta mnaweza kuruka hadi kwenye vifaranga.

Swali la kwanza si taa gani inang'aa zaidi. Swali la kwanza ni trekta linazalisha umeme kiasi gani. La kwetu ni la zamani, lina dainamo, na dainamo ile hata ikiwa na afya njema haitoi zaidi ya ampea kumi na moja. Taa nne za kizamani, zile za uzi ndani ya balbu, kila moja wati hamsini na tano, kwa betri ya volti kumi na mbili zinakula zaidi ya ampea kumi na nane. Ni sawa na kuajiri mpishi mmoja apikie harusi mbili. Betri ingekuwa inafilisika taratibu kila jioni. Taa nne za LED za wati kumi na nane kila moja zinakula ampea sita. Mwanga unatosha, dainamo inapumua, mradi zile taa mbili za zamani za mbele, za barabarani, zizimwe wakati wa kulima.

Hesabu hiyo nilimwonyesha Mama Gati. Akasema, "Sawa. Na shamba ni lini?"

Taa nne nikanunua, nikaziweka nyumbani. Jana asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Bomani, mjini, kutafuta vilivyobaki: fyuzi na kikopo chake, waya mnene, swichi, na rilei, kile kidude kinachobeba umeme mwingi kwa niaba ya swichi ndogo ili swichi isiungue. Muuza duka akatazama mzigo wangu akauliza kama nafungua disko. Nikamweleza kwa kirefu. Nadhani alijuta.

Nikiwa hapo, mvua ya manyunyu ikaanza, nikaona tutapoteza siku. Nikampigia Marwa simu ili aanze kazi isiyohitaji umeme, yaani kuzibana taa mahali pake tu. Mtandao ulikuwa unakatika, kwa hiyo nikasema kwa kifupi na kwa sauti:

"Marwa! Funga taa za nyuma! Za mbele niachie!"

"Sawa, Mwalimu!"

Nikarudi nikiwa na amani.

Nilimkuta Mama Gati amesimama uani, mikono kiunoni. Hiyo si dalili ya amani.

Nyuma ya nyumba kuna chumba kidogo ambamo anatunza vifaranga wake chini ya balbu, usiku na mchana, maana baridi ya hapa haiwafai. Balbu ilikuwa imezimwa. Vifaranga walikuwa wamejikusanya kwenye kona, wamepandana kama viazi ndani ya gunia, wanalia. Na mbele ya nyumba, barazani, taa ilikuwa inawaka mchana kweupe.

Ninyi mliokulia mjini huenda hamjaona kosa liko wapi. Mimi mwenyewe nilichukua muda. Marwa amekulia Sirari, mpakani mwa nchi, kisha akaendesha matrekta miaka mingi ng'ambo ya mpaka. Kwa watu wa kule, kufunga taa ni kuizima. Kwangu mimi, kufunga taa ni kuikaza mahali pake kwa nati na bolti. Nimemwambia afunge za nyuma na za mbele aniachie. Naye, mtu mtiifu, amefunga za nyuma na za mbele ameniachia.

"Lakini Marwa," nikasema, "hukujiuliza kwamba nazungumzia trekta?"

"Mwalimu, trekta halina taa za nyuma. Nitafungaje kitu ambacho hakipo?"

Kimantiki alikuwa amenishinda.

"Nilijua Mwalimu unabana umeme wa LUKU," akaongeza.

Mama Gati alikuwa anafunika vifaranga kwa kanga yake. "Taa zako, Baba Gati," akasema bila kugeuka, "zimeanza kuniulia kuku kabla hazijanilimia shamba."

Hakuna aliyekufa. Baada ya balbu kurudi walichangamka mmoja mmoja, wakaanza kugombana, ndipo nikajua wamepona. Lakini siku ilikuwa imekwenda, na usoni mwa mke wangu niliona kwamba imani yake kwa taa hizi imebaki kama mwanga wa zile za mbele: rangi ya chai.

Usingizi uligoma kidogo jana. Si kwa sababu ya kuku. Nilikuwa nawaza: leo ilikuwa balbu ya vifaranga. Je, kama ningekuwa nimeshika waya, nikapiga kelele "funga!", na Marwa akaelewa vingine?

Kwa hiyo leo, kabla hatujagusa spana, nilimkalisha Marwa kwenye debe na tukatunga kamusi. Kubana: nati na bolti. Kuwasha: kuwasha. Kuzima: kuzima. Neno kufunga likapigwa marufuku mpaka jioni. Marwa alicheka, lakini alikubali. Tulikuwa wawili, tukizungumza Kiswahili kimoja, na ilibidi tutafsiriane.

Kisha kazi. Tulitoa kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi ya trekta (samahani, iliyobanwa kwenye bodi), ili spana ikiteleza isipige shoti. Nilihakikisha pia ni upande gani wa betri umeunganishwa na bodi, chanya au hasi, kwa kuwa baadhi ya matrekta ya zamani yako kinyume na taa za LED hazisamehe. La kwetu ni hasi. Taa mbili zikabanwa nyuma, juu kwenye fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Marwa alishika drili, nikamzuia. Fremu ile ukiitoboa unaidhoofisha, na siku ikihitajika haitakumbuka kwamba ulikuwa na haraka. Tukatumia vibano. Mbili nyingine tukaziweka mbele kwenye mabano ya chuma kando ya boneti. Waya tukaupitisha mbali na bomba la moshi, mbali na tanki la dizeli, mbali na mikono ya chuma inayonyanyua plau. Kila taa ikapata waya wake wa kurudi kwenye bodi, mahali tulipokwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa.

Fyuzi ya ampea kumi tukaiweka karibu kabisa na betri. Hapa Marwa aliniambia ni bora niiweke karibu na taa, ili izilinde. Watu wengi hufikiri hivyo. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Waya ukipitisha umeme kupita uwezo wake hushika moto, na juu ya trekta moto una jirani mbaya. Mlinzi hukaa getini, hakai chumbani.

Saa ya kuwasha ikafika. Mama Gati alikuwa ametoka, anapepeta ulezi ambao sidhani kama ulihitaji kupepetwa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya vilima.

"Washa!" nikasema.

Taa zikawaka kwa muda wa kupepesa jicho, kisha giza. Fyuzi imekata.

Ungo ukaacha kutikisika.

"Mwalimu, mvua hiyo," Marwa akasema kwa upole. "Tuweke kipande cha waya hapo kwenye fyuzi, tulime, kesho tutatafuta shida."

Nakiri, nilitazama mawingu. Nilitazama shamba. Nilimtazama mke wangu. Kwa dakika nzima yule mwalimu wa fizikia ndani yangu alimpisha mume, na mume akataka kusema ndiyo.

Kisha nikasema hapana. Fyuzi ikikata imesema kitu, na ujumbe haufutiki kwa kumziba mjumbe mdomo.

Tukatoa tena kebo ya betri, tukafuata waya inchi kwa inchi kwa vidole. Marwa ndiye aliyeigundua shida: mahali ambapo waya unapita kwenye tundu la bati chini ya kiti, ukingo wa bati ulikuwa umekata ganda lake, na shaba imegusa chuma. Tulikuwa tumesahau kuweka mpira tunduni. Sote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa natoa mhadhara. Tungeweka kile kipande cha waya, moto ungeanzia chini ya makalio ya Marwa.

"Basi Mwalimu," akasema, akijishika suruali, "fyuzi ni rafiki yangu tangu leo."

Tukabadilisha kipande kile cha waya, tukakata mpira wa tairi la baiskeli tukavisha ukingo wa tundu, tukaweka fyuzi mpya.

"Washa!"

Zikawaka. Zikaendelea kuwaka. Tukatikisa waya, tukangurumisha injini, zikawaka tu. Tukainamisha vichwa vya taa chini, ili mwanga uangukie plau badala ya macho ya watu. Na nikamwapisha Marwa: barabarani, taa za nyuma ni marufuku. Bodaboda anayekuja nyuma yako akimulikwa na taa nyeupe haoni kitu.

Jua lilikuwa linazama alipoingia shambani. Mzee Wambura tayari alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, koti begani na fimbo mkononi, amekuja kulinda viazi. Trekta likafika mwisho, likageuza, na mwanga ukafagia mstari wote wa katani. Kila mche ulisimama peke yake, hata ile michanga tuliyopanda Jumanne.

"Mura!" akaita kwa ile sauti yetu ya kumwita kijana wa kiume. "Viazi vyangu unaviona?"

"Naviona hadi majani, mzee!"

"Basi usivitazame sana!"

Alikaa hadi mstari wa mwisho, na si kwa kulinda tena. Alikuwa anatazama kama sisi sote. Udongo ulikuwa unageuka mweusi, mkavu kiasi kinachotakiwa, unang'aa chini ya zile taa mbili za nyuma.

Marwa alipomaliza, hakuna aliyetaka kuondoka. Trekta linanguruma, taa zinawaka, sisi wazee wawili tunaelezana mambo ambayo kila mmoja anayajua. Ndipo Mama Gati akatoka mlango wa jikoni, akatazama shamba lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akapaza sauti:

"Haya, fungeni taa, mje mle! Na Wambura naye aje!"

Marwa akanitazama. Nikamtazama.

Akazima.

Tumekula ugali wa muhogo na ulezi kwa mboga ya mgagani, na Mzee Wambura ameongeza mara mbili. Mama Gati ameshaitoa mbegu ndani, imekaa karibu na mlango. Naandika haya huku vifaranga wakilalamika usingizini na balbu yao ikiwaka, na sasa nasikia juu ya bati tone la kwanza, na la pili.

Inyeshe tu.