Kabati la Vitabu Visivyopotea

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo sikupi, maana unasema inakuzeesha na tumepishana miezi minne tu. Basi pokea salamu za mtu aliyeamka akikuwaza. Koo lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba darasa la tano limefika watoto sabini na wawili, na sauti imekukauka hadi nyumbani unamwita kaka yangu kwa kugonga sufuria. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kulikoni. Na mgongo wa huyo kaka je, bado anajifanya hauumi? Mwanangu wa mwisho ameota meno ya mbele? Mwambie shangazi yake anayasubiri kwenye picha.

Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma huko mbele. Ndani ya bahasha utakuta kitu kigumu kimeviringishiwa karatasi. Nakujua, huna subira hata ya chai kupoa, lakini nakuomba, wifi, kiache hivyo hivyo mpaka umalize kusoma.

Habari kubwa ni ya kazi. Kibali changu cha masomo kinaisha tarehe ishirini na nane mwezi ujao. Cheti cha ukutubi nimekipata, tena kizuri, ila cheti peke yake hakimweki mtu nchi ya watu. Lazima ipatikane shule itakayoniajiri na kukubali kunidhamini viza, yaani iiandikie serikali kwamba inanitaka mimi na mzigo wangu itaubeba yenyewe. Nikikosa, narudi. Kurudi si aibu, usinielewe vibaya. Lakini kazi hii nimeitafuta kwa jino na ukucha, na sina nia ya kuiachia mlangoni.

Mpaka leo nimeandikia shule arobaini na tatu. Jamani, watu wa huku wana adabu ya kukataa! Unasoma barua yao mistari mitano unadhani umeajiriwa, mstari wa sita ndiyo unagundua umefukuzwa. Fomu nyingi swali la kwanza ni kama unaruhusiwa kufanya kazi bila kudhaminiwa. Ukijibu hapana, inajifunga papo hapo, hata jina hawajakuuliza. Shule moja ilinipigia simu, mama mmoja mwenye sauti nzuri akanisifu weee, kisha akauliza habari ya viza, nikamweleza, akasema atanipigia baada ya dakika tano. Sasa ni wiki ya saba.

Mwenzangu wa chumba, ambaye ni msusi, alinionea huruma. Alisema niachane na vitabu, atanitafutia nafasi ya kuosha nywele pale saluni kwao. Nikamwambia maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Akanijibu kwamba kama ni hivyo nioge haraka, maana tarehe ishirini na nane haimngoji mtu mwenye sabuni machoni. Tukacheka, lakini kesho yake nilitafuta orodha ya shule zote zenye ruhusa ya kudhamini wageni, nikaiweka mezani na penseli. Nikaanza na zile za mbali ambazo watu hawazikimbilii. Kila asubuhi kabla ya kwenda kukunja mashuka pale kwa dobi ninakofanyia vibarua, niliandika barua mbili. Si kunakili, kuandika.

Na juu kabisa ya wasifu wangu, kwa herufi nzito, niliweka sentensi ile unayoijua: miaka kumi na moja, vitabu mia nne na kumi na sita, hakijapotea hata kimoja. Ndiyo sifa iliyonipa jina la Komeo, na aliyenibandika jina hilo ni wewe, mbele ya walimu wote, siku uliyokuja mara ya tatu kuniomba kile kitabu cha volkano na nikakujibu kwamba mikono ya watoto wako ina mafuta. Ulisema kabati letu la chuma lina makomeo mawili, moja la mlango na jingine ni mimi. Nilikununia mwezi mzima.

Lakini wewe mwenyewe unajua mambo ya pale. Kitabu kikipotea anayeulizwa ni mkutubi, na haulizwi chemba, anaulizwa mkutanoni. Aliyenitangulia alihamishwa kwa vitabu saba. Mimi nikasema sitahamishwa ng'o. Wakaguzi walikuja kila mwaka, wakahesabu, vikatimia, wakanipigia makofi. Hakuna mkaguzi hata mmoja aliyeniuliza nani amevisoma.

Sasa shule ya arobaini na tatu ikaniita kwenye usaili. Mwenzangu wa chumba alininyooshea blauzi na kunisuka bure, akisema hata wakinikataa wanikatae nimependeza. Usaili ulifanyika ndani ya maktaba yao yenyewe. Wifi, ungeiona! Rafu fupi zinazomfika mtoto kifuani, zulia limechakaa pale mbele ya rafu ya wanyama kuliko kwingine kote, na mlangoni kuna sanduku kubwa la kurudishia vitabu, limejaa mpaka havitoshi. Vitabu vyenyewe vimechoka, migongo imebandikwa utepe juu ya utepe. Moyoni nikasema maskini, hawa hawana mkutubi.

Kumbe mkutubi ninaye mbele yangu. Ni bibi anayestaafu, ana miwani moja puani na nyingine kichwani, nami nimempa jina la Miwani Miwili. Alikaa na mwalimu mkuu wao, mwanamke mrefu anayeandika kila kitu kwa penseli. Kwanza walinipa darasa la watoto nusu saa. Hapo sikuwa na hofu. Niliwasomea, nikawauliza, wakanijibu wote kwa pamoja, mmoja akang'ang'ania nimtafutie kitabu cha papa na nikampatia. Niliona mwalimu mkuu anatabasamu akiandika.

Watoto walipotoka, Miwani Miwili akachukua wasifu wangu, akashusha ile miwani ya kichwani akaiweka juu ya ya puani, akasoma. Akaniuliza kwetu vilikuwa vinatoka vitabu vingapi kwa siku. Nikamwambia vyote vilikuwa salama. Akasema kwa upole kwamba hakuuliza habari ya usalama. Akaeleza kwamba yeye mwaka jana alipoteza thelathini na nane, na kwamba mwaka asipopoteza hata kimoja atajiuliza watoto wake wana ugonjwa gani. Kisha akauliza tena, vingapi kwa siku.

Loo! Nililoa jasho kama niliyebebeshwa gunia. Mbele ya macho yangu likaja lile daftari la kuazima nililolivalisha jalada la karatasi ya kaki mwaka wangu wa kwanza, nikapiga mistari kwa rula: jina, darasa, kitabu, tarehe. Ukurasa wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Miaka kumi na moja, wifi, sikuwahi kuandika jina hata moja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulishajikwaa kwa herufi nzito. Nikamjibu kwamba hakikutoka hata kimoja. Nikawasimulia habari ya mwalimu aliyeniomba kitabu cha volkano mara tatu nikamnyima.

Nilidhani watanifukuza. Mwalimu mkuu akauliza tu, kama mazungumzo, huyo mwalimu sasa anafanyaje. Nikasema ndiye aliyekabidhiwa maktaba nilipoondoka. Akafurahi, akachukua barua niliyoandikiwa na mwalimu mkuu wetu, akanisomea pale paliposema nimekabidhi vitu vyote pamoja na funguo zote, akasema basi sasa watoto wa kule wanasoma.

Wifi yangu, hawasomi. Mimi na wewe tunajua hawasomi. Ila kwa nini hawasomi, hilo nalijua mimi peke yangu, na leo nakwambia.

Ufunguo wa kabati ninao mimi. Sikuusahau, na haukudondoka njiani. Siku ya makabidhiano nilikupa ufunguo wa mlango, nikakuonyesha fomu inayosema funguo mbili, ukasaini bila kuhesabu kwa sababu uliniamini, mimi dada wa mume wako. Wa kabati ulikuwa kiunoni mwangu, kwenye kibindo cha kanga. Nilijiambia nitakuzuia kidogo tu, mpaka mwalimu mkuu aandike barua yangu, kwa kuwa nilijua ukifungua lile kabati vitabu vitatoka siku hiyo hiyo, kimoja kitapotea, na sifa yangu itaharibika kabla sijaipeleka ubalozini. Barua ikaandikwa. Viza ya masomo ikatoka. Nikapanda ndege na ufunguo.

Kisha ukaniandikia kwamba mwalimu mkuu amekusimamisha mkutanoni, amesema umepoteza mali ya shule wiki ya kwanza tu, na kwamba atakayelivunja kabati atalilipa. Uliniambia umepekua nyumba nzima, mpaka ukamshuku mwanao. Mimi nikakujibu nini? Nikakuandikia pole, wifi, tafuta vizuri kwenye droo. Niliandika hivyo huku ufunguo uko chini ya mto wangu. Haki ya Mungu, naona haya hata kuukumbuka mkono ulioandika. Nimekukosea, na si kosa la bahati mbaya. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, una haki, nitangoja.

Yote haya niliwaambia pale pale. Mwalimu mkuu akaweka penseli chini. Mwishowe akasema kazi yangu na watoto ameiona, nafasi ananishikia, na kunidhamini shule iko tayari. Lakini hawezi kuipelekea serikali barua ambayo mimi mwenyewe nimemwambia si ya kweli. Anataka nyingine kutoka kwa mwalimu mkuu wetu, yenye ukweli wote, kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao. Njia ya mwongo fupi. Yangu iliishia pale mezani. Miwani Miwili alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika bega.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia mwalimu mkuu wetu. Nimemweleza kila kitu bila kujipaka mafuta, na nimemwomba mambo mawili. La kwanza, akusafishe kwenye mkutano ule ule aliokuchafulia, mbele ya walimu wale wale. La pili, akipenda, aniandikie barua mpya. Anaweza kukataa, unajua hasira zake. Akikataa, hiyo nafasi imekwenda, nami nitaandikia shule ya arobaini na nne, na ya arobaini na tano, mpaka tarehe ishirini na saba jioni. Sichoki. Wasifu nimeshaubadilisha. Juu kabisa sasa pameandikwa: vitabu mia nne na kumi na sita, vilivyoazimwa sifuri, kosa ni langu na nimejifunza dawa yake. Mwenzangu wa chumba anasema hakuna mtu duniani anayejitangaza hivyo. Nimemwambia basi nitakuwa wa kwanza.

Nawe tafadhali usiende kunibembelezea kwake. Sikuandika barua hii ili unisaidie. Nimeiandika ili upate kilicho chako.

Sasa fungua karatasi ile. Kufuli ni gumu, usilazimishe. Sukuma mlango wa kabati kwa goti, nyanyua kidogo, kisha zungusha kushoto. Cha volkano kiko rafu ya tatu, mkono wa kulia, bado kina harufu ya dukani. Daftari la kuazima liko juu, limevaa kaki. Kalamu nimeifunga na uzi pembeni, sijui kama bado inaandika. Andika jina la mtoto wa kwanza, yeyote atakayenyoosha mkono, hata mwenye mafuta. Asipokirudisha, andika hakikurudi, halafu mpe mwingine kingine.

Nisalimie kaka, mwambie aende akaangaliwe mgongo na aache ushujaa. Mbusu mwanangu, na umwombe radhi kwa niaba yangu maana alishukiwa bure. Wasalimie walimu wote, hasa wale waliocheka siku uliponiita Komeo, walikuwa na haki. Ukipata nafasi niandikie mstari mmoja tu, hata wa matusi: niambie jina la kwanza kwenye daftari ni la nani.

Ni mimi wifi yako,
Komeo, lililofunguka.