Wingu Nililolisogeza

Arusha,
Alhamisi

Kaka Gidahosh,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Basotu, pamoja na wifi Juliana na watoto, na kwamba ng'ombe nao hawajambo. Mimi mzima wa mwili tu, roho haitulii. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara sijui ngapi kwenda dirishani kutazama mawingu. Nampa barua Mwamvita, yule mwenye duka Katesh, anarudi leo. Sikupiga simu kwa sababu nakujua, ungenikatia kabla sijafika katikati.

Umekuwa ukiuliza kwa nini Mama, tangu afike Singida kutibiwa macho, hataki hata kusikia habari za ndege. Alipoondoka hapa kwangu, wewe ulitaka apande basi, mimi nikang'ang'ania apae. Basi nisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua juu juu. Nachora picha za hali ya hewa anazoziona rubani kwenye kishikwambi chake. Nyekundu ni wingu la radi, njano ni mahali ndege itakaporushwarushwa, palipo peupe panapitika. Rubani hana nafasi ya kusoma maelezo, anatupa jicho na kugeuza ndege. Nikipaacha peupe, nimemwambia apite.

Siku aliyosafiri Mama, wingu kubwa lilikaa juu ya mlima wetu wa huko nyumbani, njiani kwenda Singida, upepo ukilisukuma kuja huko kwenu. Sasa unajua tulivyolelewa. Baba akiuliza mvua iko wapi, nani alithubutu kumjibu iko Mogitu wakati inakwenda Basotu? Tulimtajia inakoelekea, maana ng'ombe wanataka kuongozwa kwenye majani, si kwenye mvua iliyokwisha pita. Nami, bila hata kufikiri, nikalichora wingu pale litakapokuwa baada ya nusu saa. Juu ya mlima nikapaacha peupe.

Kapteni Ezekiel, rubani wa ndege ya Mama, akaelekea hapohapo kwenye peupe pangu. Jamani, kaka! Ndege ilitikiswa, mizigo ikadondoka, watu wakalia, mzee mmoja akaumia bega. Ezekiel alijitahidi wakatoka, wakatua salama. Aliporudi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimweleza habari za Baba na ng'ombe, akanijibu taratibu kwamba yeye hatafuti malisho, anatafuta pa kupita. Tangu hapo nachora wingu mara mbili: lilipo nalipaka rangi nzito, linakokwenda naweka mistari tu. Picha ni nzuri, wote wanasema. Lakini silali vizuri.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nikampigia Mama, nikamwambia wingu lile lilitoka mikononi mwangu. Yeye akaniuliza mimi nikiwa huko angani huwa naogopa nini zaidi. Hapo ndipo niliposema jambo ambalo hata ofisini sijalisema: sijawahi kupanda ndege, kaka. Hata moja. Miaka yote hii nawachorea watu hatari ambayo tumbo langu haliijui, na kila waliponialika kupanda nilijidai nina kazi nyingi. Naogopa. Naogopa vibaya sana.

Mama alicheka, weee, alicheka hadi akakohoa! Halafu akasema atarudi kwa ndege, kwa picha yangu mimi, ila niende kumchukua mwenyewe. Naondoka kesho na Ezekiel.

Najua utasema tumerukwa na akili wote wawili. Usimpigie kumkataza, amekwisha amua, na wewe unamjua vizuri kuliko mimi. Mpe wifi salamu zangu, watoto waambie shangazi yao anawapenda, na usiku wa leo mniombee. Wakati wa kurudi, Mama ameagiza kiti cha dirishani kiwe changu. Yeye atakaa pembeni anishike mkono, na nikifumba macho tu, atanifinya.

Mdogo wako,
Natalia