Kikao Nilichokiendesha Sauti Zikiwa Zimefungwa

Guangzhou, Jumapili, Agosti 2009

Leo nitaandika yote hapa kwenye blogu yangu, hata yale ambayo Baba angependa yabaki ndani ya nyumba. Mvua inanyesha tangu alfajiri na joto halijapungua. Sijalia. Nimekula wali, nimefua sare ya shule, nimemaliza insha ya jiografia. Sihisi kitu.

Baba ni mwenyekiti wa umoja wa Watanzania walionunua au kupanga nyumba katika jengo letu hapa mtaa wa Xiaobei. Zamani vikao vilifanyika sebuleni kwetu, kwa chai ya tangawizi. Tangu askari waanze kukagua pasipoti mlango kwa mlango, hakuna anayetaka kuonekana amekusanyika na wenzake. Tukahamia kwenye kompyuta, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua zaidi pale nyumbani, nikapewa kazi ya kuendesha.

Kikao cha kwanza kilikufa kwa salamu. Kila aliyeingia alimwandikia shikamoo kila mkubwa, na Mzee Salum wa Unguja, anayeandika kwa kidole kimoja, alimjibu kila mmoja marahaba yake, akauliza watoto, akauliza biashara. Alipofika mwisho, nusu ya watu walishachoka na kutoka.

Nikatunga kanuni. Nisalimie mimi kwa niaba ya wote. Sauti zifungwe, nimfungulie aliyepewa nafasi tu. Na kama ilivyokuwa sebuleni siku zote, mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye neno na wengi wakanyamaza, jambo limepita.

"Serikali hii ya kidato cha pili kali," alisema Mzee Salum. "Hata kukohoa mpaka kibali."

Baba alicheka. Nilijiona mtu mzima.

Jana jioni tulikuwa na jambo moja tu. Ofisi ya jengo ilitaka kujua kama umoja utaendelea kuwadhamini wakazi ambao viza zao zimekwisha na mpya hazijatoka. Asiye na mdhamini, kadi yake ya mlango mkuu inafungwa. Hakuna aliyetaja jina, lakini wote tulimfikiria Mama Rehema wa ghorofa ya chini yetu. Pasipoti yake iko kwa wakala na haijarudi. Ndiye anayenisuka tangu tuhamie hapa.

Nilimfungulia Mzee Salum sauti.

"Leo yeye, kesho mie," alisema. "Tuwadhamini."

Nikamfungulia kaka mmoja anayenunua viatu soko la Zhanxi.

"Mzee wangu, wewe viza yako bado mbichi. Sisi wengine tukidhamini watu, tutakaguliwa sote."

Baba akauliza kama kuna anayepinga kusitisha udhamini. Mzee Salum aliandika, "Napinga." Wengine kimya.

Majina kadhaa kwenye kioo yalikuwa yamefifia, dalili kwamba wenyewe hawapo hewani, la Mama Rehema likiwamo. Niliyaona. Nikadhani ni mtandao, unavyosumbua siku za mvua. Nikaandika: limepita.

"Kikao kifupi kuliko vyote," Baba alisema, akanipigapiga begani.

Asubuhi nilikutana na Mama Rehema kwenye ngazi, amebeba mfuko wa mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana nimewakimbia. Askari walikuwa wanagonga milango kwetu huko chini. Ghorofa nzima tulizima taa, tukazima na kompyuta. Mimi nilikaa chooni hata pumzi sivuti." Akacheka kidogo. "Eti, mliamuaje?"

"Baba atakueleza, mama."

"Haya. Jioni uje nikusuke, hizo nywele zimekuwa kama za mgonjwa."

Sikwenda.

Sebuleni, anayenyamaza unamwona. Unaona kama anatikisa kichwa, kama ametoka nje kupokea simu, kama amekasirika. Jana nilihesabu giza la chooni kuwa ndiyo.

Nilimweleza Baba, nikamwomba tukiitishe kikao tena. Hakunigombeza. Aliweka kikombe chini.

"Kikao kimefungwa, mwanangu. Viza zetu sisi zinaisha Oktoba. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Tangu wakati huo mwili wangu umekuwa kama si wangu.

Kesho saa tatu asubuhi Baba atashuka ofisi ya jengo kupeleka jibu. Akishalitoa, Mama Rehema akitoka kwenda sokoni hataweza kurudi ndani. Lakini neno la siri la kufungulia chumba cha kikao ninalo mimi peke yangu. Usiku wa leo naweza kuwaita wote, kufungua sauti zote, na kumwita kila mtu kwa jina mpaka ajibu kwa mdomo wake mwenyewe.

Wewe unayesoma, kama umewahi kuendesha kikao cha watu wasioonana, nijibu leo hii hapa chini: naruhusiwa kukiitisha tena, hata kama mwenyekiti ni baba yangu na amekataa?